Sanduku la Umeme ni Kihenge, Si Shamba

Katika barua zilizofika mezani juma hili iko moja ya baba mmoja wa upande wa Tukuyu, naye ataka shauri upesi. Habari yake kwa kifupi ni hii. Ameuza maparachichi, na baada ya kulipa madeni amebakiwa na shilingi 1,200,000. Umeme anao nyumbani, lakini hukatika, hasa mvua na radi zinapoanza. Mwanawe aliyeko Mbeya mjini amemwonyesha sanduku la umeme, lile ambalo wauzaji huliita pawa stesheni. Bei yake ni shilingi 900,000. Limeandikwa wati 2,000 kwa herufi kubwa, na muuzaji amesema ya kuwa laweza kupiga hata pasi. Lakini mama watoto hataki. Yeye asema binti yao anaingia chuo cha uuguzi mwezi ujao na ada haijatimia. Tangu hapo, aandika mzee huyu, chakula cha jioni kinaliwa kimya kimya.

Mimi si hakimu wa nyumba ya mtu. Lakini hesabu ni hakimu mzuri, kwa maana haimpendelei baba wala mama. Basi leo tuketi na karatasi na kalamu, na kila mwenye haja ya kitu hiki apime pamoja nasi.

Sanduku lenyewe ni kitu gani?

Ndani yake mna betri kubwa. Pamoja na betri mna inveta, yaani mtambo wa kugeuza umeme wa betri uwe kama ule wa ukutani, wenye volti 230. Nje mna soketi ya plagi, na matundu ya kuchajia simu. Walijaza umeme kwa njia tatu: kwa soketi ya ukutani, kwa paneli ya sola, au kwa gari. Halitoi moshi wala kelele, kwa hiyo laweza kukaa ndani.

Wengi hudhani ya kuwa sanduku hili lazaa umeme. Sivyo. Wenzetu wa Iringa watanielewa nikisema kwamba ni kihenge, si shamba. Kihenge hakioti mahindi. Chatunza yale uliyotia. Usipotia kitu, hutatoa kitu. Umeme ukikatika siku tatu, na wewe huna paneli ya sola, sanduku la shilingi laki tisa litakuwa kigoda cha kukalia.

Tena pima ukubwa wa kihenge chenyewe. Uniti moja ya Luku ni wati-saa 1,000. Sanduku analotaka mzee wetu, kwa maandishi madogo ya ubavuni ambayo ametunakilia, lina wati-saa 512. Maana yake ni kama nusu uniti. Nusu uniti kwa laki tisa! Sisemi ni wizi, kwa maana bei ni ya betri na mitambo yake, nayo itajazwa mara nyingi. Lakini mtu ajue anachonunua.

Wati na wati-saa

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wati (W) ni nguvu inayotoka kwa wakati mmoja. Wati-saa (Wh) ni akiba yote iliyomo. Tukirudi kwenye kihenge, wati ni upana wa mlango, na wati-saa ni wingi wa mahindi. Kihenge kidogo chaweza kuwa na mlango mpana sana. Utatoa magunia upesi, lakini kitakwisha upesi vilevile.

Wauzaji hupenda kuandika wati kwa herufi kubwa. Na mara nyingi ile namba kubwa si nguvu ya kudumu. Ni nguvu ya kuwashia tu, inayostahimiliwa sekunde chache. Kwa hiyo uliza mambo mawili: nguvu ya kudumu ni wati ngapi, na akiba ni wati-saa ngapi.

Haya, tuipime pasi. Pasi ya umeme ya kawaida hula wati 1,000 au zaidi. Sanduku lina wati-saa 512, lakini hutapata zote, kwa kuwa inveta nayo hula sehemu yake. Hesabu kama 85 katika kila 100. Zabaki 435. Ukigawanya kwa wati 1,000 utapata dakika 26. Basi ni kweli, pasi itawaka kama mlango waruhusu. Utanyoosha shati mbili tatu na gauni la mama, kisha nyumba nzima itaingia gizani mpaka umeme urudi. Pasi ya mkaa haijafa; iacheni ifanye kazi yake. Vivyo hivyo birika la umeme, jiko la umeme na hita ya maji. Kila kinachotoa joto kingi hakifai kwa sanduku la namna hii.

Andika mahitaji ya nyumba

Waswahili husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Chukua daftari. Andika kila kitu unachotaka kiwake umeme ukikatika, wati zake, na saa zake. Wati huandikwa chini au nyuma ya chombo chenyewe. Kisha zidisha.

Huu ni mfano wa nyumba ya mzee wetu, kwa jinsi alivyoeleza:

Taa 3 za LED, wati 5 kila moja, kwa saa 5: wati-saa 75.
Simu 2, kila moja wati-saa kama 15: wati-saa 30.
Redio, wati 5, kwa saa 4: wati-saa 20.

Jumla ni wati-saa 125 kwa jioni moja. Ukiongeza ile sehemu inayoliwa na inveta, yafika kama 147. Basi sanduku la wati-saa 256, nusu ya lile la laki tisa, latosha. Tena katika hizo 256 mna 217 za kutumia. Ukitoa 125 zabaki 92, na televisheni ndogo ya wati 40 itawaka kwa saa mbili na zaidi kidogo. Taarifa ya habari itasikika na watoto watasoma.

Friji ni neno jingine. Friji ndogo yaweza kula wati-saa 600 hadi 1,000 kwa siku nzima, na kila mashine yake inapoanza kuzunguka huvuta nguvu mara kadhaa kuliko kawaida. Mlango wa sanduku ukiwa mwembamba, litajizima. Kama friji ni ya nyumbani tu, na umeme hukatika saa chache, dawa ni rahisi: usiifungue. Friji iliyofungwa hutunza ubaridi kama saa 4. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa hutunza hadi siku mbili. Hilo halina bei.

Umeme wa kwetu hukatika namna gani?

Kabla ya kununua dawa, ujue ugonjwa. Sisi wa Mbeya na Iringa twajua habari za umeme kuliko wengi, kwa maana maji ya bonde la Usangu huingia Mto Ruaha Mkuu, nayo hujaza bwawa la Mtera na kushuka mpaka Kidatu. Miaka ya ukame, kama 2006 na 2011, mabwawa yalipungua na nchi nzima ikaingia katika mgao mkali. Mwaka 2023 mgao ulirudi. Kisha mwezi wa Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, katika Mto Rufiji, ulianza kutoa umeme. Bwawa lile lina mitambo 9, na kila mmoja una megawati 235, jumla megawati 2,115.

Lakini wingi wa umeme hauzuii mti kuangukia waya, wala radi kupiga transfoma. Wengi wenu mwakumbuka Jumatatu ya Pasaka, tarehe 1 Aprili 2024, hitilafu ilipotokea katika gridi ya taifa na giza likaingia nchini. Haukuwa upungufu wa maji. Basi weka daftari ukutani kwa mwezi mmoja. Kila umeme ukikatika andika saa ulipokatika na saa uliporudi. Kama hukatika saa tatu au nne jioni, sanduku dogo latosha bila paneli, kwa sababu litajazwa ukutani umeme ukirudi. Kama nguzo ikianguka mwakaa juma zima bila fundi, hapana budi uwe na paneli, au sivyo hela yako imepotea.

Betri ya namna gani?

Akili ya lithiamu ilitoka mbali. Betri za lithiamu-ioni ziliingia sokoni mwaka 1991, na mwaka 2019 mabwana watatu, Goodenough, Whittingham na Yoshino, walipewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Sasa ziko aina mbili kubwa katika masanduku haya. Ya kwanza huandikwa LiFePO4, au LFP kwa kifupi. Hii ina chuma na fosfeti ndani yake. Hujazwa na kutumiwa mara 2,000 hadi 3,000 au zaidi kabla ya nguvu yake kupungua sana, na haishiki moto kwa urahisi. Ya pili, yenye nikeli na kobalti, ni nyepesi zaidi, lakini mara nyingi huahidiwa mizunguko 500 hadi 800 tu. Kwa nyumba ya kijijini chagua LiFePO4, hata kama ni nzito kidogo. Aliyelitumia kila siku la pili kwa miaka miwili ataanza kuliona limechoka. La kwanza litamsomesha mtoto mpaka amalize shule.

Ziko pia betri za maji ya asidi, kama za magari. Hizi ni rahisi kwa bei. Lakini betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na ukitaka idumu, usitumie zaidi ya nusu. Tena ni nzito, na mvuke wake si wa kuvutwa chumbani.

Jihadhari na namba za mAh. Utaona kisanduku kimeandikwa "mAh 100,000," ukadhani umepata mtambo wa kijiji kizima. Hesabu yake ni hii: gawanya kwa 1,000, kisha zidisha kwa volti 3.7. Yatoka wati-saa 370. Na kile cha mAh 20,000 ni wati-saa 74 tu. Asiyeandika wati-saa mahali popote, mwache na mali yake.

Neno jingine la kuuliza ni wimbi la umeme. Inveta nzuri hutoa wimbi laini kama la ukutani. Ile ya rahisi hutoa wimbi la ngazi ngazi. Taa na chaja zaweza kuvumilia, lakini feni, friji na mashine nyingine zenye mota hunguruma na kupata joto, na mwisho huungua.

Paneli na jua la kwetu

Paneli ya wati 100, katika kiangazi cha Iringa, Isimani au Pawaga, yaweza kukupa kama wati-saa 400 kwa siku ya jua zuri. Lakini Tukuyu mvua ni zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mawingu yake mwayajua. Siku za mvua huenda usipate hata nusu ya hizo. Mtu wa Rungwe asinunue paneli kwa hesabu ya mtu wa Isimani.

Kwetu huku kusini mwa Ikweta paneli hutazama kaskazini, ikiinuka kidogo ili maji ya mvua yatiririke. Usiiweke chini ya mgomba. Kivuli kidogo huiba sehemu kubwa. Na kabla ya kuunganisha, soma kwenye sanduku volti ambazo tundu la sola hukubali. Paneli kubwa za mapaani zina volti nyingi, na nyingine zaweza kuliua sanduku dogo siku ya kwanza.

Walalao nje

Si wote wanaolala nyumbani. Wako walinzi wa mpunga Usangu, wakulima wa nyanya wa Ilula wanaomwagilia usiku, na vijana wanaopiga kambi wakati wa likizo. Kwao uzito ni neno kubwa. Sanduku la wati-saa 250 hivi lina kilo 3 au 4, na mtu hulichukua mkononi. La wati-saa 1,000 hupita kilo 10, nalo lataka pikipiki. Mlinzi wa shamba mwenye taa moja na simu moja hahitaji sanduku lolote. Taa nzuri ya sola yenye tundu la kuchajia simu yamtosha, na akiba yake anunue mbolea.

Wa Kitulo na Mufindi wakumbuke baridi. Betri ya lithiamu haitaki kujazwa ikiwa imefikia baridi ya kuganda, nayo miezi ya Juni na Julai huko juu jalidi huonekana asubuhi. Liingize ndani usiku, na usilijaze mpaka lipate joto. Kadhalika usiliweke juani wala karibu na mafiga.

Nani anunue?

Kinyozi anunue. Mashine yake ya wati 10 ikifanya kazi saa 8 hula wati-saa 80 tu, na kila kichwa kinachonyolewa umeme ukiwa umekatika ni fedha. Mama anayetotolesha vifaranga kwa mashine naye afikiri, kwa maana usiku mmoja wa baridi waweza kuua mayai yote aliyoyatunza siku 18. Lakini mashine ile hupasha joto. Hata ndogo yaweza kula wati 80 inapopasha. Apime saa zake vizuri, na ataona ya kuwa yeye ndiye mwenye haki ya sanduku kubwa.

Mwenye jenereta ya petroli asiidharau, lakini asiiwashe ndani wala jikoni wala dirishani. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo huua familia nzima usingizini. Na mtu yeyote, mwenye jenereta au sanduku, asichomeke waya wenye plagi pande mbili ili kurudisha umeme katika soketi ya ukuta. Umeme huo waweza kutoka nje mpaka kwenye nguzo na kumwua fundi aliyepanda kukutengenezea.

Siku ya kununua

Gawanya bei kwa wati-saa. Lile la mzee wetu, 900,000 kwa 512, ni kama shilingi 1,758 kwa kila wati-saa. Fanya hivyo katika maduka matatu, nawe utaona nani anakuuzia betri na nani anakuuzia herufi kubwa. Nenda na taa yako mwenyewe na redio yako, uziwashe palepale dukani. Dai risiti ya EFD na karatasi ya dhamana yenye muhuri na jina la duka. Tazama alama ya TBS. Uliza fundi wa kulitengeneza yuko wapi. Akiwa ng'ambo tu, dhamana hiyo ni maneno.

Mwenye ndugu ng'ambo asimwambie alete moja katika ndege. Betri inayopita wati-saa 160 hairuhusiwi katika mizigo ya abiria. Na masanduku ya Marekani hutoa volti 120, hayafai kwa vyombo vyetu.

Ukishalipata, usiliache tupu. Kama hulitumii, lijaze nusu au zaidi kidogo, na kila miezi mitatu litazame na kulijaza tena. Wengi hununua sanduku kwa ajili ya masika, wakalisahau kabatini kiangazi chote, na siku ya giza hukuta limekufa.

Jibu kwa mzee wetu

Baba, hesabu imesema. Usinunue lile la laki tisa. Pasi haitakupa faida, na kazi nyingine zote za jioni zinafanywa na lililo nusu yake. Ada ya chuo ina siku yake, na mlango wa chuo ukifungwa haufunguki kwa sababu baba ana sanduku zuri. Giza la saa tatu halijamzuia mtoto kuwa muuguzi. Ada isiyolipwa humzuia. Basi lipeni ada kwanza. Kisha hesabuni kilichobaki. Kikitosha sanduku dogo la LiFePO4 la wati-saa 250 hivi, nunueni mwaka huu. Kisipotosha, nunueni taa mbili za sola za kweli, na sanduku lingoje maparachichi ya mwakani.

Na daftari hilo usilijaze peke yako. Mpe mama watoto kalamu, wewe usome wati chini ya redio, yeye aandike. Mkimaliza jumla pamoja, nadhani na chakula cha jioni kitapata maneno yake tena.

Kwa herini, mpaka juma lijalo.